Kazi Isiyoonekana

Kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, mwaka tisini na tisa, mbele yangu walikaa mzee mwenye baiskeli na dada aitwaye Minza. Baada ya shikamoo, dada alimweleza kwamba ameacha ualimu, amepata kazi Dar ya kuhariri habari za intaneti.

“Zinachapwa wapi?” mzee akauliza. “Hazichapwi, baba. Zinasomwa kwenye kompyuta. Nikiona kosa la jana, leo nalifuta.” Mzee akawaza. Nami nikawaza, ingawa hakuna aliyeniuliza. “Aliyesoma jana atajuaje umefuta?” mzee akauliza. “Hatajua.” “Na anayesoma leo?” “Naye hatajua.” “Kwa hiyo ukiifanya vizuri, hakuna anayejua umeifanya.”

Nadhani kwenye usaili Minza hakuambiwa hilo.

Kivuko kikagusa nchi kavu. “Yule mwenye koti la kanisani ni baba yangu,” Minza akasema taratibu. “Amekuja na majirani kumpokea mwalimu. Nimweleze nini?”

Mzee alikuwa ameshashika baiskeli yake. “Mwambie umeacha ualimu. Hilo ataelewa.”