Sekunde Mbili za Upande wa Kwanza

Mheshimiwa Meya wa Oldham, Ndugu Mwenyekiti wa klabu hii, uliyetukataza kupiga muziki hapa miaka mitatu kwa kuwa tulikuwa tunawashtua wacheza bingo, wazazi wetu, wapiga gitaa wote, mlioacha na mnaosema mtaacha, na wewe Norman Tattersall, mstaafu wetu, unayenitazama kama mtu aliyeletewa chai ya baridi: nawasalimu nyote. Niliandika kurasa kumi na moja. Mama amenipokonya tisa.

Norman anastaafu leo baada ya kurekodi bendi za mji huu miaka arobaini, katika studio yake juu ya duka la mazulia. Albamu yetu ndiyo ya mwisho. Kesho asubuhi inakwenda kiwandani kutengenezwa santuri, na kwa mapatano yetu neno la mwisho ni lake. Anataka kufuta sekunde mbili. Tukimshikilia azibakize, ameapa, jina lake litoke kwenye jalada. Nami siwezi kuipenda santuri isiyo na jina lake, wala isiyo na sekunde hizo.

Nimesoma chuo kikuu miaka mitatu, na swali lililoninyima raha halikuwa la mtihani: kwa nini bendi ya magitaa ya sisi Waingereza hutambulika kabla hata ubeti wa kwanza haujaisha? Ni magitaa? Yetu yametoka Japani. Ni mapenzi? Watu huachana kila mahali. Lakini nani mwingine ataachwa na mpenzi wake, kisha katika ubeti wa pili alalamike kwamba chipsi zimepoa? Nani atatandika msiba juu ya gitaa linalorukaruka kama mbwa aliyefunguliwa kamba? Sisi uchungu hatuupitishi mlango wa mbele. Tunauzungusha uani, tunauvika mzaha, ndipo unaingia. Wala hatuchaguani kwa ufundi. Barnaby alikuwa mpiga besi wetu kabla hajajua besi ina nyuzi ngapi, kwa sababu baba yake alikuwa na gari la mizigo.

"Bado sijui!"

Asante, Barnaby, tumesikia.

Na albamu, jamani! Albamu kwetu si gunia la nyimbo. Hattie, mpiga ngoma wetu, alijitoa kwenye bendi mara mbili kwa ajili ya mpangilio tu wa nyimbo, akarudi mara mbili, kwa kuwa mama yake alikataa ngoma kukaa sebuleni. Ule wimbo unaofunga upande wa kwanza, kabla hujainuka kugeuza santuri, lazima ukuache kitini hujui mikono yako uiweke wapi. Nafasi hiyo tumempa nyanya yangu Edna, aliyefariki Januari.

Niliuimba mara kumi na tisa. Norman akasimamisha mashine.

"Binti, unamwimbia nani?"

"Nyanya yangu."

"Alikuwa anachunga ng'ombe Texas?"

"Alikuwa anauza nyuzi za kushonea sokoni. Unamjua!"

"Basi mwimbie kwa mdomo aliouzoea."

Mara ya ishirini niliacha lafudhi ya Kimarekani, nikaimba kama ninavyosema nanyi sasa. Nilifumba macho, nikalia, nikarudi nyuma hatua moja, bega langu likagonga stendi ya maikrofoni. Nami, bila kufumbua macho, nikaiambia: "Samahani, kipenzi." Stendi! Chuma kitupu! Hakuna aliyecheka. Hattie alisema angeshangaa kama nisingeomba radhi. Nanyi msijifanye watakatifu. Mheshimiwa Meya, nimekuona mlangoni ukikiomba radhi kiti.

Norman akasema, "Kosa ni kosa. Miaka arobaini sijatoa kazi yenye mtu anayeongea na vyuma. Nitakata, nibandike kipande cha mara ya kumi na nane."

Norman, mara ya kumi na nane nilikuwa bado Texas!

Nyanya alimwita kila mtu kipenzi: daktari, paka, mtu wa kusoma mita. Mimi neno hilo sikuwahi kulitamka maishani. Lilitoka lenyewe, kwa sauti yake, katikati ya kilio changu, likiwa na adabu zake zote. Je, kuna ala gani ingeweza kupiga hivyo? Unaweza kufuta vikohozi vya Barnaby, nakuruhusu vyote vinane. Hili niachie. Unasemaje? Hapana, usitikise kichwa, wa nyuma hawaoni. Simama useme.

"Ile stendi niliiweka mimi, binti. Niliiweka karibu mno. Kosa halikuwa lako."

Kumbe hilo ndilo?

"Miaka arobaini, halafu kazi ya mwisho namwekea mtoto chuma njiani, naye analia."

Jamani. Wiki mbili nimenuna nikidhani unanionea aibu mimi! Norman, usingeiweka pale, nyanya yangu asingekuwamo. Sema basi. Kesho ni kiwandani.

"Liache."

Na jina?

"Na jina langu liache, kabla sijabadili mawazo. Na ushuke hapo, chakula kinapoa."

Mmesikia wote? Mheshimiwa Meya, wewe ni shahidi! Sina neno lingine, na Mama ataieleza siku hii kwa majirani. Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, asanteni sana. Norman, njoo ubonyeze mashine yako hapa mwenyewe. Tuusikilize wimbo wote, mpaka mwisho.