Jina Lililosomwa kwa Kura Moja

Sogeeni, Sostenes na wewe Martina, kaeni upande huu ninaosikia vizuri, na mlango uacheni wazi, maana ninayotaka kuwaambia nimeyaficha vya kutosha, na mficha uchi hazai.

Mashamba baba yenu aliyagawa kabla hajafa: la mpunga lako, Sostenes, la karanga la dada yako, nami siongezi neno. Wosia wangu ni juu ya sanduku la kura ulilolileta humu jana kama mwenyekiti, ambalo kijiji chetu chote cha Didia kinangoja ulifungue kesho mkutanoni, uwataje wanaodhaniwa kutuibia ng'ombe.

Mnakumbuka ghala la pamba lilipoungua na mzee Masele, mlinzi, akafia ndani. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walituita, kila mtu akapewa kikaratasi aandike kwa siri jina la anayemshuku. Mwenyekiti wa wakati ule alisema atasoma yenye kura nyingi tu, lakini watu wakapiga kelele, "Soma yote!" Yakasomwa yote kwa kipaza sauti, na la mwisho likawa la mama yenu mdogo. Salvina, kura moja.

Ile kura ni yangu.

Msinikatize, pumzi ni chache. Sikumwona na kiberiti wala mafuta ya taa. Niliowaona ni nyinyi. Mke mwenzangu hakujaliwa kuzaa, lakini nyinyi mlikuwa mkila kwangu na kushibia kwake. Ugali wangu na mlenda mliudonoa tu, kisha nawakuta jikoni kwake mnagombea michembe ya viazi na karanga. Martina, ulipougua surua ulilia kumwita mama, "Mayu! Mayu!" nikaja mbio, nawe ukanipita kwa macho ukamnyooshea mikono yeye. Hata kuandika alinifundisha yeye, akinishika vidole, baba yenu akimsifu mbele yangu. Nilimwonea wivu, wanangu, na ninamwonea hata sasa.

Polisi wakamchukua pamoja na wote waliosomwa. Miezi minane baadaye hakimu akamwachia huru, ikathibitika moto ulitoka kwenye jiko la Masele mwenyewe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Jina lilisomwa hapa, kijiji kizima kikisikia. Hukumu ilisomwa mjini, na hakuna aliyepanda gari kwenda kuisikiliza. Kisimani wakamkwepa kama mwenye ndui, wakisema lisemwalo lipo. Nyinyi niliwakataza kula kwake, mkanitii, nikajiona nimeshinda. Kisha akaondoka bila kuaga, mkamlilia mwezi mzima, nami nikawachapa kwa kumlilia.

Yuko mgodini Bulyanhulu, anapikia wachimbaji. Muuza dagaa aliniambia kule wanamwita Mama Martina. Jina lake nililiharibu, akajichukulia langu! Niliposikia hivyo nilitaka kupanda pikipiki nikamnyang'anye.

Basi, Sostenes, usilisome sanduku lile mbele ya watu. Wapelekee polisi hivyo hivyo lilivyofungwa, wachunguze kimya kimya, na atakayetiwa hatiani mtangazeni hata redioni. Kabla ya hapo, mwacheni mtu na jina lake. Watakuambia wana haki ya kumjua mwizi wao. Ni kweli, wamjue mwizi, lakini wewe unajuaje ni nani humo ameandikwa kwa wizi na ni nani ameandikwa kwa sababu anapendwa? Siku hizi picha ya mtu inafika mjini Kambarage kwenye simu kabla hajaulizwa swali hata moja. Watakuita mla rushwa. Vumilia, mwanangu, usimsome mtu.

Salvina mpigieni simu aje. Ng'ombe wangu wawili wa maziwa ni wake. Na siku ya kunizika, kabla jeneza halijashuka, shikeni kipaza sauti cha kwaya mseme: Paskalina ndiye aliyempigia Salvina ile kura, na alijua anaandika uongo. Langu lisomeni. Mimi nimekiri.

Maji... kidogo tu, inatosha.

Mungu awape uzee, wanangu. Awape watoto, na watoto hao... wakiugua, wawaite nyinyi, wawashike nyinyi. Martina, lete mkono. Akifika mtamkimbilia, najua, wala siwakatazi tena. Mkimbilieni. Ila mnifukie kwanza... na kabla hamjamkumbatia... nililieni mimi. Kidogo. Mimi kwanza.