Mazoezi ya Kulishwa Keki

Benchi letu liko nje ya duka la Fundi Pima, chini ya bati lililochomoza kidogo tu, kwa hiyo mvua ikinyesha watu hulowa magoti. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali. Upande wa kushoto umeinama, kwa sababu ndipo anapokaa Breki, aliyekuwa dereva wa lori mpaka mgongo ulipogoma. Katikati hukaa Kinyozi. Kibanda chake kiko mlango wa pili, na wateja wake wanajua pa kumtafuta. Mwisho wa benchi ni pa Shangazi Dobi, anayefulia nusu ya mtaa. Fundi mwenyewe hukaa mlangoni nyuma ya cherehani, tepu ya kupimia shingoni. Mimi nauza kahawa mbele yao, mwanangu mgongoni, na kazi yangu ni kumimina na kusikiliza. Kikombe cha Fundi nakiosha peke yake, kwa maji yake, kwa sababu hao wengine huchovya mkate kwenye kahawa na makombo hubaki.

Siku hiyo Breki ndiye aliyeanza.

BREKI: Fundi, Jumamosi hiyo inakuja. Keki umeipangia nini?

FUNDI PIMA: Usinikumbushe. Ndiyo inayoninyima usingizi.

Jumamosi binti yake wa pekee anaolewa. Anafanya kazi mji mwingine, na keki ameshaiagiza mwenyewe, ya ngano, ghorofa tatu. Mbele ya watu wote atakata kipande na kumlisha baba yake kwa mkono. Na Fundi hali ngano, na binti hajui. Kuna wakati alikonda mpaka akawa anapunguza suruali zake mwenyewe. Tumbo lilimwendesha, damu ikapungua, watu wakasema mengi. Mwishowe hospitali wakamwambia ana ugonjwa unaoitwa siliaki. Utumbo wake unaumizwa na gluteni, kitu kilichomo ndani ya ngano na shayiri, na dawa ni moja tu: asiile tena maisha yake yote, hata chembe. Akaacha. Sasa mashavu yamerudi, na suruali anazitanua.

BREKI: Lakini kipande chenyewe kadogo! Kama kidole.

FUNDI PIMA: Wewe Breki, juzi nanasi langu lilikatwa kwa kisu cha mkate. Kisu tu. Nilishinda chooni.

BREKI: Basi meza bila kutafuna. Ukitafuna ndiyo tumbo linapata habari. Mimi vidonge vichungu nilikuwa nameza hivyo hivyo, ulimi hausikii kitu.

FUNDI PIMA: Ugonjwa hauko kwenye ulimi.

KINYOZI: Jamani, shida ya ngano ni ubichi. Keki ichomwe mara ya pili, mpaka iwe nyeusi. Mimi mashine zangu nazipitisha kwenye moto, na hakuna mdudu anayebaki.

SHANGAZI DOBI: Gluteni si mdudu, Kinyozi.

KINYOZI: Kwani wewe umeiona?

SHANGAZI DOBI: Na wewe je?

KINYOZI: Sijaiona. Ndiyo maana nasema ichomwe.

SHANGAZI DOBI: Moto hautoi kitu. Kitu kikishaingia ndani kinatoka kwa kuloweka. Nipeni hiyo keki niiloweke usiku kucha, asubuhi namwaga maji ya juu.

BREKI: Halafu bibi harusi amlishe baba yake uji kwa vidole?

Tulicheka mpaka mwanangu akaamka. Fundi hakucheka. Alivuta koti jeusi lililokuwa limening'inia nyuma yake, koti lake la harusi, akageuza mkono wa kulia nje ndani. Pale penye bitana alikuwa ameshona mfuko wa nailoni, mdomo wazi, mshono mdogo mdogo usioonekana.

FUNDI PIMA: Njia nimeshaipata. Ananilisha. Ninaibana kwa meno. Ninakohoa. Ninainua mkono kuziba mdomo, keki inaingia kwenye mkono wa koti. Nafuta midomo, namkumbatia binti yangu, mambo yamekwisha.

KINYOZI: Fundi, wewe ni hatari!

BREKI: Hiyo ni kazi ya mwizi wa kimataifa.

SHANGAZI DOBI: Subirini kwanza. Ukiibana kwa meno si imeshaingia mdomoni? Umesema hata chembe.

FUNDI PIMA: Nitatema mate.

SHANGAZI DOBI: Mbele ya wakwe? Fundi, si kuna watu wanaoka keki za unga wa mchele? Uokewe kadogo, kwenye chombo safi, kakae kwenye sahani yake pembeni. Binti akulishe hako.

FUNDI PIMA: Keki si yangu, Shangazi, ni yake. Nikiigusa lazima ajue.

SHANGAZI DOBI: Sasa asijue kwa nini? Mtu mzima na tumbo lako!

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali.

FUNDI PIMA: Daktari alisema ugonjwa huu unatembea kwenye damu. Alisema ndugu na watoto nao wapimwe. Nikimwambia yeye, kwa wakwe litafika. Watasema wamepewa kitambaa chenye kasoro. Mimi nimemlea mtoto huyu peke yangu. Nilimshonea sare zake zote. Sitaki aingie kwenye nyumba ya watu na jina la ugonjwa wangu.

Nikamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba. Kinyozi hawezi kukaa na kimya, kinamwasha mwilini.

KINYOZI: Basi kama ni hivyo, tufanye mazoezi. Jambo kama hili huendi kulijaribu siku yenyewe.

Keki ilikuwa pedi ya bega, ile sponji wanayoweka ndani ya koti. Shangazi Dobi akalazimishwa kuwa bibi harusi. Alikataa, kisha akachomoa shuka jeupe la mteja kwenye furushi lake na kulivaa kichwani kabla hawajamaliza kumbembeleza. Breki akawa mpiga picha kwa vidole vyake viwili viwili. Kinyozi akashika chupa tupu kama kipaza sauti.

KINYOZI: Mabibi na mabwana, sasa ni zamu ya baba mzazi! Vigelegele!

Mara ya kwanza Fundi alikohoa vizuri sana, ila pedi ikapita nje ya mkono wa koti na kutua kwenye kahawa ya Breki. Mara ya pili iliingia, ikakwama kwenye kiwiko, na Fundi akawa anapunga mkono kama mtu aliyeumwa na nyuki.

BREKI: Picha hiyo haifai. Rudieni.

SHANGAZI DOBI: Fungua mdomo, baba yangu mpenzi.

KINYOZI: Msukume kidogo, Shangazi! Mabinti siku hiyo wanakuwa na furaha, hawapimi!

Shangazi akamsukumia pedi mpaka ndani kabisa, na Fundi akakohoa kikohozi cha kweli, machozi yakamtoka. Ndipo sauti ya kijana ikasema nyuma yetu:

— Shikamooni.

Alikuwa bwana harusi. Amekuja kupima suruali yake, mfuko mkononi, amesimama pale anamtazama baba mkwe wake akilishwa sponji na mwanamke aliyejifunika shuka.

— Marahaba, benchi likajibu kwa pamoja. Fundi alitikisa kichwa tu. Mdomo ulikuwa umejaa.

KINYOZI: Karibu, mwanangu, karibu! Hapa tunampima meno.

BREKI: Ni dawa ya kikohozi.

SHANGAZI DOBI: Ni sala.

Waliyasema yote matatu kwa wakati mmoja. Shangazi akavua shuka polepole na kulikunja, pembe kwa pembe. Fundi akatoa pedi mdomoni. Aliitazama, akamtazama kijana, na nadhani aliona hakuna koti linaloweza kuficha hilo. Akamwambia. Alianza na kukonda, akaja kwenye hospitali, kisu cha mkate, mfuko wa nailoni. Alieleza kama mtu anayechomoa pini kwenye nguo, moja moja, akiogopa kuchana. Alipofika kwenye neno damu nilimtazama kijana usoni. Hakukunja uso. Aliketi tu kwenye ubao, pale pa Shangazi, mfuko wake mapajani.

BWANA HARUSI: Pole sana, baba. Na yeye alisemaje ulipomwambia?

Breki akainama kutazama viatu vyake. Kinyozi akapuliza kikombe kisicho na kahawa. Shangazi alikuwa bado anakunja lile shuka, ingawa lilikuwa limeshakuwa dogo kama leso.

FUNDI PIMA: Sijamwambia.

BWANA HARUSI: Basi haya yote, sisi tunajua na yeye hajui?

FUNDI PIMA: Nyumbani kwenu watasemaje?

BWANA HARUSI: Watasema mengi, baba, ndiyo kazi yao. Mimi ninamwoa yeye. Kama anao, tutanunua sufuria zetu mpya na tutakula wali. Kama hana, tutajua hana. Kupima nitampeleka mimi. Ila kumwambia siwezi. Nikimwambia mimi ataniuliza kwa nini ameyasikia kwangu, na sitakuwa na jibu.

KINYOZI: Mimi naona amwanzie mbali. Aseme kwanza habari za hali ya hewa, halafu...

SHANGAZI DOBI: Kinyozi. Kunywa.

Fundi alifuta vidole kwenye shati, akatoa simu. Aliweka sauti ya nje, kwa sababu cherehani imemharibia masikio. Breki akasogea karibu, Shangazi akamvuta shati arudi. Simu ikaita mpaka nikadhani haitapokelewa. Kisha sauti ikaja, ya haraka, nyuma yake kelele za watu wengi kazini.

— Haloo, baba! Shikamoo! Umekula?

Fundi akatutazama mmoja mmoja. Shangazi akamwonyesha simu kwa kidevu.

— Marahaba, mwanangu, akasema. — Ndiyo, nimekula. Nimekula viazi. Hebu toka kwenye hizo kelele utafute pa kukaa, nikueleze kwa nini ni viazi.