Mkwe Hali Jumla

Foleni ya mpaka pale Cyangugu, upande wa Rwanda, ilikuwa imekwama. Mbele yangu Cirhuza, fundi kutoka Bukavu, alishusha meza ya mviringo mrefu. Maman Nyirabagenzi, aliyekuja kuipokea, aliona kasoro hapohapo.

“Papa, nilikuomba meza yenye haina kichwa, juu bakwe yangu basigombanie kiti ya mukubwa. Sasa haya matundu mbili ku meza ni ya nini?”

“Ni fasi ya misumari, Maman. Nilifunga kamba ku misumari mbili, nikaivuta na kalamu, nikazungusha. Ukikaa fasi yoyote ya pembeni, pima mpaka ku tundu hii, ongeza mpaka ku ile ingine, jumla ni ileile. Hakuna mukubwa!”

Maman akalainika. “Basi nitaweka nyama ku tundu moja, bugali ku ingine.”

“Voilà! Mwenye kuwa mbali na nyama, bugali iko karibu yake. Jumla moja!”

Maman alimtazama kwa huruma. “Papa, ulishaona mukwe mwenye kukula jumla?”

Cirhuza akainama, akaanza kupima kwa shubiri kutoka pembeni mpaka tundu la nyama. Dirishani afisa akaita anayefuata, na katika foleni nzima, sisi tuliolalamika tangu asubuhi, hakuna aliyesogea; tulitaka kusikia jibu la fundi.