Mama Kikapu na Tunda la Njookesho

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtaalamu wetu wa mimea, ambaye kila mtu hapa humwita Mama Kikapu, anastaafu. Anaondoka akiwa na afya njema, mdomo ule ule, na magoti ambayo mwenyewe anasema yalistaafu miaka mitano kabla yake.

Aliajiriwa kukausha majani. Mwaka wa pili akaomba kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kuzunguka soko hadi soko na kuandika kila tunda linalouzwa. Wenzake walikwenda porini na mabuti. Yeye alikwenda sokoni na kikapu, akanusa, akapasua, akahesabu mbegu, akaulizia mti. Shemeji yetu, mumewe, anastahili nishani yake peke yake. Friji ya nyumbani kwao ilikuwa ofisi ndogo, na katika miaka yote hiyo shemeji alikula sampuli mara moja tu. Alisema ilikuwa tamu, na maelezo hayo yamo kwenye faili.

Mwaka wake wa kumi na moja alikuta kwenye meza ya mama mmoja muuza matunda tunda dogo la manjano lenye madoa, ambalo hakuwahi kuliona popote. Akauliza linaitwaje. Muuzaji, aliyekuwa akifunga biashara, akamjibu “njoo kesho”. Mama Kikapu akaandika kwa mwandiko safi: jina la wenyeji, njookesho. Tulicheka wiki nzima. Kesho yake alirudi, akaambiwa halina jina, ni tunda tu. Basi, jina likabaki hilo hilo.

Kiswahili kimeturahisishia mambo: embe lina mwembe wake, pera lina mpera wake. Sasa mnjookesho ulikuwa wapi? Muuzaji hakusema. Mti wa mama yake mzazi uliwahi kujulikana, wachuuzi wakauvamia, wakakata matawi ili wafikie matunda, na msimu uliofuata ukawa kuni. Alibakiwa na mmoja. Kwa misimu kumi na tisa Mama Kikapu alirudi, akanunua, akauliza, akanyimwa, akashukuru. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, lakini huyu mbivu alishazila sana. Alichotaka ni mti.

Mwaka jana alimweleza muuzaji kwamba huo ndio msimu wake wa mwisho wa kuzunguka masokoni. Yule mama akafunika meza yake mapema, akampeleka mwenyewe hadi mtini, kwa sharti moja: asimwambie mtu mahali ulipo.

Alirudi na ua, jani, gome na vipimo vyote. Hapo ndipo nilipoingia mimi, mhariri wa orodha yetu kuu ya matunda ya masokoni. Kanuni yetu haina kona: mti usiotajwa mahali ulipo, tunda lake haliingii. Na njookesho ndilo tunda pekee la orodha nzima ambalo wataalamu hawakuwa wakilijua. Ndilo ambalo lingebeba jina la Mama Kikapu. Nilimsihi, nikamtisha kidogo, nikamwandikia barua tatu. Alijibu kwamba ahadi ni deni, na kama haiwezekani niliondoe. Nikaliondoa. Orodha imetoka na matunda mia mbili na kumi na moja. Yeye hakununa hata siku moja. Aliyenuna ni mimi.

Bado naamini kanuni ni sahihi. Hata hivyo, Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye meza ya yule mama, na siwafichi, nilikwenda na swali langu mdomoni. Akanichagulia matunda sita yaliyoiva vizuri, akaniambia mwaka huu mti umezaa mno, haujapata kuzaa hivyo. Nikalipa, nikashukuru, nikarudi nyumbani bila kuuliza.

Mama Kikapu, tunakushukuru kwa kazi yako yote, na tunakuombea umri mrefu wenye furaha na nafasi ya kula tunda bila kuhesabu mbegu. Kwa upande wangu, nisamehe zile barua.