Mzee Gideoni Ambilikile Mwaisumo, Aliyejenga Nyumba Zisizotazamana

Ndugu wa ukoo, walimu, wazee wa kanisa, na ninyi mliovuka matope ya Machi kuja kutusindikiza: huyu tunayemzika leo hapa Ipyana alikuwa mjenzi. Wengi wenu mmelala chini ya paa lake. Ni haki aelezwe kwa ukamilifu, pamoja na lile ambalo wengine wamelisema kwa sauti ya chini tangu Jumanne.

Mzee Gideoni Ambilikile Mwaisumo alizaliwa hapa Ipyana, upande wa chini, migomba inapokutana na mashamba ya mpunga. Hakuna aliyeiandika siku hiyo. Kwa hesabu ya rika lake ilikuwa yapata mwaka 1852, miaka mingi kabla ya Mdachi wa kwanza kuonekana ufukweni.

Shule katika utoto wake haikuwapo. Alichosomeshwa ni mwanzi. Mjomba wake alimfundisha kwamba mwanzi uliokatwa mwezi ukiwa mchanga huliwa na bungua kabla nyumba haijapata moshi wa kwanza, na kwamba udongo wa kukandika lazima ukandwe mpaka mguu uchoke. Herufi alizijua akiwa mtu mzima, alipoingia darasa la ubatizo na kukaa benchi moja na watoto wa majirani zake. Alibatizwa siku ya Pasaka, mwaka 1903, akachagua jina la Gideoni. Tangu hapo alisoma polepole, kidole kikitangulia, na hakuona aibu.

Kazi yake aliifanya kuanzia Ipyana mpaka Matema. Nyumba zake zilijulikana kwa mbali kwa mistari ya udongo mwekundu na mweupe, na kwa milango yake. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza aliuliza swali moja: "Nani atakaa jirani, na ana uhusiano gani nanyi?" Watu wa mbali walilishangaa swali hilo. Sisi tunalielewa. Mkamwana na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Mwanamke akimsikia mkwe wake njiani huacha njia, hujifunika kichwa na kuinama mgombani mpaka apite. Mkwe naye hukohoa, hugonga fimbo, hutazama pembeni. Hiyo ndiyo heshima tuliyoikuta. Mlango uliowekwa vibaya unaweza kuleta aibu kila asubuhi, na Mzee hakuweka mlango vibaya hata mara moja.

Alimwoa Angetile, ambaye katika ubatizo aliitwa Veronika, na hakuongeza mke wa pili hata alipokuwa na ng'ombe wa kutosha. Rika lake walimtania kwamba amejenga nyumba za wake wa watu wote akasahau wake. Alijibu kwamba mmoja anamtosha kwa kumsahihisha. Na kweli alisahihishwa. Alipomjengea Veronika nyumba mpya aliweka mafiga katikati, kama mjomba wake alivyomfundisha. Veronika alisimama mlangoni, akatazama, akamwita baba kwa heshima, akasema, "Wewe umeijenga, Tata. Mimi ndiye nitakayekohoa moshi wake." Kesho yake mafiga yalihamia ukutani, upande wa upepo. Nyumba zote alizojenga baada ya hapo mafiga yalikaa upande wa upepo, na alipoulizwa alisema amefundishwa na fundi mwingine. Veronika alifariki tarehe 2 Juni 1909. Walijaliwa watoto watatu: Eliya, Anyisile na Hezroni.

Eliya alikuwa mwalimu. Mwaka 1906 alimposa Naomi wa Ikombe, binti wa Maria mfinyanzi, ambaye alikuwa amemaliza shule ya misheni na kufundisha wasichana kusoma. Wapo waliouliza kwa nini ng'ombe wa Ipyana waende kwa Wakisi, watu wa ziwani wasio na malisho. Mzee alikwenda mwenyewe kwa mtumbwi kupeleka neno, ingawa aliyaogopa maji. Maria alipomwona ameshika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili alimwambia, "Ukishuka, mkwe, uache kushika. Ziwa letu haliendi popote." Siku ya arusi, bibi arusi alipopitishwa, Mzee aligeuka akatazama mlima mpaka nyimbo zilipofifia. Kwa hiyo alirudi Ipyana akiwa amemwona mama, hajamwona binti.

Desturi ingetaka Eliya akae na rika lake, mbali na boma la baba. Lakini shule yake ilikuwa hapa, hatua chache tu. Mzee alitatua jambo hilo kwa mikono yake. Alimjengea mwanawe nyumba iliyompa mgongo, mlango ukitazama mashariki, wake ukitazama magharibi, na nyuma za nyumba hizo mbili zikikaribiana kiasi cha mtu kusikia mwenzake akipuliza moto. Waliishi hivyo miaka mingi. Hawakuonana.

Walisikiana tu. Mzee alipohitaji kitu hakumwita mkamwana wake, maana haifai. Alizungumza na ng'ombe wake mwekundu, aliyefungwa nyuma ya nyumba.

"Wewe ng'ombe, huko ng'ambo chumvi ipo?"

Naomi, akiwa upande wa pili, alikijibu chungu chake. "Chungu, mwambie ng'ombe chumvi ipo. Aweke kibuyu juu ya kisiki, akakohoe mbali."

"Ng'ombe, waambie ndaga, asante. Na waambie jana usiku walisoma wakaacha njiani. Yusufu yuko bado kisimani."

"Chungu, mwambie ng'ombe mafuta ya taa yaliisha. Yusufu atatolewa leo."

Majirani waliopita walicheka, na yeye hakukataza. Naomi alikuwa na desturi ya kusoma Maandiko kwa sauti jioni, na Mzee aliweka kigoda chake ukutani upande huo. Kanisani alikaa benchi la mbele kwa sababu Naomi alikaa nyuma. Siku moja mbuzi aliingia katikati ya mahubiri, akapanda ngazi ya wanakwaya. Kanisa zima liligeuka. Mzee Gideoni peke yake aliendelea kumtazama mhubiri, na baada ya ibada aliuliza watu walikuwa wanacheka nini.

Vita vilipoanza, vijana wetu walichukuliwa kubeba mizigo. Eliya alichukuliwa Aprili 1915, ingawa alikuwa mwalimu, akafariki kwa homa ya tumbo njiani mwezi Agosti. Hakuletwa nyumbani. Mzee alikaa nyuma ya nyumba yake kutwa nzima, mgongo ukutani, na Naomi alikaa upande wake, mgongo ukutani. Ng'ombe hakuambiwa kitu siku hiyo.

Baada ya matanga wazee wa ukoo walikuja kuuliza mjane atarithiwa na nani, kwani ng'ombe wa mahari walitoka na Hezroni hajaoa. Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nyumba ile ilikuwa na mlango wake tangu alipoijenga, na mwenye kuamua kutoka au kubaki ni aliye ndani. Naomi alibaki, na watoto wake wawili, na shule ya mumewe akaishika yeye.

Mwezi Desemba 1915 miguu ya Mzee ilianza kuvimba, kisha kifua kikabana. Anyisile alikuja kutoka Matema akamuuguza hadi Mwaka Mpya, akarudi kwa watoto wake. Hezroni aliendelea. Alimwosha baba yake bila kujali maneno ya rika lake. Upishi ndio uliomshinda. Mzee aliuonja uji wake akauliza, "Mwanangu, huu ni wa kunywa au wa kukandika?" Tarehe 28 Januari Hezroni naye aliandikwa kupeleka mizigo Tukuyu. Mvua ilikuwa imejaza mito ya Mbaka na Lufilyo, na habari haikuweza kumfikia Anyisile. Majirani walileta chakula, Mungu awalipe. Lakini kumgeuza mgonjwa, kumfulia na kumwosha ni kazi ya mke au binti, na katika boma lile hapakuwa na mke wala binti. Palikuwa na mkamwana nyuma ya ukuta, aliyemsikia akikohoa na hakuwa na ruhusa ya kuingia.

Siku ya tatu Mzee alimwambia ng'ombe, kwa sauti ya mtu aliyeishiwa pumzi, "Waambie nina kiu."

Hapa ndipo yalipoanza maneno ambayo wengine mmeyasikia, kwa hiyo yaelezwe kama yalivyokuwa. Naomi hakuingia. Alikwenda kwa Mzee Yohana, mkubwa wa ukoo, akasimama nje akasema baba mkwe wake anaomba maji. Wazee walikusanyika kitandani kwake siku ileile. Yohana alikataa waziwazi.

"Mkamwana akimwosha mkwe wake, ukoo utachekwa mpaka Rungwe. Afadhali tukutafutie mwanamke mwingine."

"Umemleta?"

"Tutamtafuta."

"Basi watakaonicheka waje na maji ya moto," Mzee alisema. "Yohana, heshima hii nimeijengea milango tangu ujana wangu. Nani aliyeijengea kuliko mimi? Sasa sikia. Huyo mwanamke amenitii miaka kumi kwa kutonitazama. Kama heshima ni yangu, mniachie nami nimheshimu."

Walikubaliana hivi. Vijana wawili walisuka kiambaza cha mianzi, Mzee akiwaelekeza kutoka kitandani na kuwafumulisha mara mbili, kikasimamishwa kando ya kitanda. Kiliachwa na nafasi chini, ya kupitisha mkono na bakuli. Naomi aliingia akiwa amejifunika kichwa, mke wa Yohana akiwa amekaa pale, akapitisha maji. Mkono wa Mzee uliyapokea. Hivyo ndivyo alivyolishwa na kunyweshwa mwezi mzima wa Februari. Ng'ombe hakuhitajika tena, ingawa asubuhi ya kwanza Mzee alisema, kwa mazoea, "Ng'ombe, waambie uji hauna madonge." Naomi akajibu hana chungu karibu cha kumwambia.

Mwanzoni mwa Machi mikono nayo ilikataa. Bakuli lilianguka. Mzee aliagiza Yohana aitwe, na mbele yake akasema, "Kiondoeni." Yohana akakishika kiambaza kwa mikono yake mwenyewe, akakiegemeza ukutani.

Naomi aliondoa kitambaa kichwani. Mzee alimtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Nilidhani u mrefu. Hatua zako ni za mtu mrefu."

"Nami nilidhani huna mvi, Tata. Sauti yako haina mvi."

Alicheka, kikohozi kikamkatiza. Kuanzia siku ile Naomi alimwosha, akamgeuza, akamsomea akiwa mbele yake, na mke wa Yohana hakuondoka chumbani. Hakuna kilichofanyika kwa siri. Hezroni aliporudi kutoka Tukuyu tarehe 11, mabega yakiwa na vidonda, alimkuta baba yake safi, mwilini mwake hamna kidonda hata kimoja. Wanaosema ugonjwa ulimshinda kwa sababu mwiko ulivunjwa wakumbuke kwamba miguu ilivimba Desemba, wakati nyumba zile mbili zikiwa bado zimepeana mgongo.

Jioni ya Jumapili aliwaita Yohana na Hezroni, akawaambia mambo mawili. La kwanza, siku ya kumzika Naomi asijifiche mgombani. La pili, watakapotaja watoto wake, wamhesabu. Yohana aliuliza amhesabu kama nani. Mzee alisema, "Wewe taja jina tu, wanaosikia watajua."

Mzee Gideoni Ambilikile Mwaisumo alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1916, katika nyumba aliyoijenga, mafiga yakiwa upande wa upepo. Mbao za jeneza hazikupatikana kwa sababu ya vita. Mianzi mliyoiona ikibebwa na wajenzi wenzake kutoka nyumbani mpaka hapa, naye akiwa amelala juu yake, ni kile kiambaza. Yohana ndiye aliyesema kitumike, na ndiye aliyeshika pembe ya mbele. Kitashuka pamoja naye.

Ametanguliwa na mkewe Veronika Angetile na mwanawe Eliya. Ameacha watoto watatu: Anyisile wa Matema, ambaye mito imemchelewesha na tunamwombea njia, Hezroni, na Naomi, anayesimama hapa kichwani pa kaburi, uso wazi. Ameacha wajukuu Yunis na Raphaeli, na wale wa Matema. Ameacha pia ng'ombe mwekundu, ambaye tangu Jumanne anasimama nyuma ya nyumba akisubiri kuambiwa.

Mungu ampokee mjenzi wetu na kumpumzisha kwa amani, mahali ambapo milango inatazamana.