Unaisi Delai, Aliyekataa Kusogeza Barua

Miaka thelathini na mmoja imetimia. Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Unaisi Delai anakabidhi funguo za chumba cha mashine hapa Suva, na atakayefurahi kumwona anaondoka ni yule tu asiyemjua. Maneno haya ni yangu mimi, Kamla wa jikoni. Msichana wa mapokezi ndiye aliyeyaandika, na nimemkataza kuyatia sukari.

Kwa wageni, kazi yake ni hii. Waandishi wa programu za kompyuta wa visiwa vyote, kuanzia Tarawa mpaka Nuku'alofa, wakikwama huandika barua pepe kwa anwani moja, na kila mmoja hupata nakala. Zamani zilisomwa zikapotea. Unaisi akaanza kuziweka zote kwenye mtandao, kila moja na namba yake, na juu kisanduku cha kutafutia. Andika neno lako, barua inakuja. Mimi darasa silijui, lakini hilo nalielewa: mtu alishazikwa Apia, na bado anakufundisha kazi.

Alikuwa na sharti moja. Mtu akiwa ameandika simu ya nyumbani kwake kwa bahati mbaya, Unaisi alifuta maneno, ila namba ya barua ilibaki pale pale, tupu. Barua jirani yake haisogei.

Mpole hakuwa. Kijana akiuliza jambo lililokwisha kujibiwa, alimtumia namba ya barua ya zamani bila hata salamu. Wakanuna, kisha wakamletea keki. Na kimbunga kilipong'oa paa letu, wenzake walikimbia na viti. Yeye alitoka amekumbatia sufuria yangu kubwa ya mchuzi, mfuniko juu, na ndani mna diski zake zote. Hakuna barua iliyolowa.

Lakini ushindi wake mkubwa niliushuhudia chumba cha chai. Mkurugenzi wetu, Avikash Pillay, alikuwa mgeni kazini wakati huo. Akagundua kwamba ukitafuta jina lake, cha kwanza kutokea ni barua aliyoiandika ujanani. Alikuwa ametengeneza programu ya bili za maji, ikampa kila mtu bili ya jirani yake, naye akaandika kwa kiburi kwamba mashine ni mbovu. Mzee mmoja wa Nuku'alofa akamjibu, visiwa vyote vikisoma: "Mwanangu, mashine ni nzima. Yenyewe inaanza kuhesabu kwa sifuri, wewe umeanza na moja. Umewasogeza watu wote nyumba moja."

Avikash akataka barua ile iondoke, lisibaki hata pengo la kuulizwa. La sivyo, mashine ya Unaisi ingezimwa mwisho wa mwezi, na barua zote zingekwenda nayo.

"Dada Unaisi, ni barua moja tu. Nani atajua?"

Unaisi akachovya biskuti yake kwanza. "Watajua wote. Ukiing'oa bila kuacha pengo, zote zilizo nyuma yake zinasogea namba moja. Walimu wa Honiara wanaozitaja kwa namba, wanafunzi wao, kila mtu atafungua barua ya jirani." Akamtazama. "Unataka kuwafanyia tena, bosi?"

Mtu wa uhasibu alipaliwa na chai. Avikash akaiva uso, akajaribu kukasirika, ikamshinda. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Iache," akasema. "Iache, dada. Umenimaliza."

Haikuguswa. Leo hakuna barua inayofunguliwa sana kuliko hiyo, na kila mwajiriwa mpya huletwa kuisoma na Avikash mwenyewe. Mashine aliyotaka kuizima amempa nyingine mpya, na nakala ya barua zote inakaa Apia, hata kimbunga kikizitaka hakizipati.

Unaisi, unarudi Kadavu kwa wajukuu na shamba lako la yaqona, ile mizizi ya kinywaji chetu. Asante kwa ukali wako, ulitufaa kuliko upole wa watu wengi. Kula vizuri, usibebe vizito, na nikikupigia simu pokea, usinitumie namba ya barua. Siku zako zote ziwe njema, mwanangu.

Kiti chako cha dirishani kinabaki wazi. Wapo wanaokitolea macho, nimewaona. Kila mtu akae alipo. Hasogei mtu.